Sufuria ya Kuchemshia Bodi

Mama Kanze alikuwa na sufuria tatu. Mbili zilikuwa za chakula, na ya tatu, ile kubwa iliyokatika mkono mmoja, ilikuwa ya kuchemshia bodi. Niliijua tangu nina miaka kumi na sita na sikuwahi kuionea haya mpaka siku niliyoijia na mgeni. Haya hiyo ndiyo iliyonifanya niseme uongo, na uongo wenyewe ukamkalia mtu mwingine kwa miezi mitano.

Bodi, kwa asiyejua, ni lile bamba dogo lililo ndani ya redio, simu, hata rimoti, lenye vijia vya shaba vya kupitishia umeme na vidude vilivyolehemiwa juu yake. Mume wa Mama Kanze, Kambi Jefwa, ambaye sisi wote tunamwita Baba Kanze, huzitengeneza kwa mkono katika chumba cha kupanga huko Mtwapa, nyuma ya baa. Huchora vijia, huliloweka bamba kwenye dawa inayokula shaba isiyotakiwa, hulehemu, kisha hulipaka vanishi ile wanayotumia mafundi wa mota. Likikauka huwa la kahawia lenye vitone vitone, na halipendezi hata kidogo. Ndipo linapopelekwa kwenye sufuria. Haliingii majini. Linawekwa juu ya waya, maji ya bahari yanachemka chini yake yakirukaruka, mvuke na matone yanalipiga, na taa ndogo nyekundu inawaka kuonyesha kwamba umeme unapita. Siku saba hivyo. Taa ikizimika kabla ya siku ya saba, bodi hiyo haitoki kwake.

"Huku kwetu chumvi i hewani," aliniambia zamani. "Bora ife hapa kwangu kuliko ikafie kwa mwenyewe."

Mimi ni Mumbua. Mama yangu, Kavata, alitoka Kitui akaja kuwakaangia chapati wanywaji wa baa hiyo hiyo, na chumba chetu na cha Baba Kanze viligawana ukuta mmoja. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kulehemu. Ada yangu ilikuwa chapati mbili za jioni, na mara nyingine mama alisahau kuzipeleka, naye hakuuliza. Baadaye nikaenda Mombasa, nikapata diploma, nikafungua ofisi Kilifi mjini. Ni chumba chenye feni, kiti cha kuzunguka na kibao chenye jina langu. Nilikipenda kile kibao kuliko ilivyofaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya akina mama wa Marereni. Kikundi chao, mwenyekiti wake Kadzo, kinavuna chumvi kwenye mabwawa madogo yaliyo pembeni ya makampuni makubwa. Maji ya bahari huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa, jua likiyakausha, mpaka yawe makali kiasi cha chumvi kutulia chini. Ukiyaacha yapite kiasi, uchungu nao unatulia, na chumvi hiyo hata mbuzi haitaki. Kwa hiyo lazima maji machungu yatolewe kwa wakati, na wakati huo wao walikuwa wakiukisia kwa kuonja. Nikasema nitawatengenezea kipimo. Ni kijisanduku cha kutundika kwenye kigingi bwawani, taa ikiwa ya kijani subiri, ikiwa nyekundu toa maji. Mchoro wa ndani niliuchora na Baba Kanze, na nusu iliyo ngumu ilikuwa yake.

Shirika moja la Nairobi likakubali kugharamia vipimo arobaini. Sharti lao lilikuwa moja: niorodheshe watengenezaji watano wa bodi, niwalinganishe kwa fomu yao, nichague mmoja. Nikaandika viwanda viwili vya Uchina, kimoja cha India, kimoja cha Nairobi. Na kabla ya hao wote, nafasi ya kwanza, niliandika Kambi Jefwa, Mtwapa. Wakati ule mkono wangu bado ulikuwa mkweli.

Mwezi wa nane akaja afisa wa shirika, Nicholas Gachanja, mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Nilimpokea Mombasa. Tulipokuwa tunakuja Kilifi akasema, "Huyu wa Mtwapa si yuko njiani? Tumpitie." Sikuwa na sababu ya kukataa.

Kufika kwa Baba Kanze lazima ukate katikati ya baa. Ilikuwa saa tano asubuhi na viti havikuwa vitupu. Mzee mmoja akaniona, akainua glasi. "Mumbua wa Kavata! Mama hajambo? Mwambie chapati zake tumezikosa!" Wote wakacheka, kwa wema, najua ilikuwa kwa wema. Nikatamani ardhi ipasuke. Nicholas alitabasamu tu, lakini mimi nilikwisha kuanza kujiona kwa macho niliyodhani ni yake: msichana wa chapati, wa nyuma ya baa.

Tukatokea uani. Baba Kanze alikuwa amevaa fulana iliyotoboka begani na kikoi, anapepea jiko. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke, bodi nne juu ya waya, taa zake nyekundu zinawaka. Na ukingoni mwa jiko hilo hilo, kwa sababu makaa hayapotezwi bure, kulikuwa na vipande vya muhogo vinavyochomeka.

"Shikamoo, Baba Kanze."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni." Alifuta mkono kwenye kikoi, akaona bado una masizi, akamnyooshea mgeni kifundo cha mkono.

Nicholas aliitazama ile sufuria kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza mzee anafanya nini pale, na kama huyu ndiye yule wa kwanza kwenye orodha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema: huyu ni mwalimu wangu, na hiki unachokiona ni kipimo ambacho hao wengine wanne hawana. Maneno hayo yalikuwepo. Badala yake nikacheka kidogo, nikajibu kwa Kiingereza, ili yabaki kati yetu sisi wawili tuliosoma. Nikasema ni jirani wa zamani, fundi wa redio tu, nilimwandika ili orodha itimie watano.

Baba Kanze akatukaribisha muhogo. Nicholas akachukua kipande, akala, akasifu. Mimi nilisema nimeshiba, na sikuwa nimekula kitu tangu alfajiri.

Siku ya aibu inaisha, watu wanasahau, ningejisamehe. Lakini fomu ilikuwa inanisubiri ofisini. Nilipojaza alama za umbali, muda, bei na uzoefu wa pwani, jina lililotoka juu lilikuwa la Baba Kanze. Sikufanya hila yoyote, hesabu ndiyo iliyomchagua. Nikaketi nikiitazama. Ningemwambiaje Nicholas kwamba yule wa muhogo, yule niliyesema ni wa kujazia orodha, ndiye mshindi? Fomu ilikuwa na mlango mmoja tu wa kumtoa mtu aliyeongoza, nao ni sampuli yake kushindwa kwenye majaribio.

Sampuli yake, aliyonipa tulipomaliza mchoro, nilikuwa nayo kwenye droo, bado imefungwa kwenye gazeti. Sikuifungua. Nikaandika: "Imejaribiwa. Ilizima siku ya tatu."

Wiki iliyofuata shirika liliwatumia wote watano majibu. Baba Kanze akanipigia simu, nami nikaiangalia ikilia mara mbili kabla ya kupokea. Nilidhani atakuja na hasira, na hasira ningeiweza.

"Mwanangu, Kanze amenisomea barua," akasema. "Hawa watu wameandika vizuri. Ilizima siku ya tatu. Sasa nilikuwa nauliza, ilizima asubuhi au jioni?"

Nikaitazama ile droo.

"Hallo? Mumbua?"

"Asubuhi," nikasema.

"Ahaa. Basi ni umande. Umande unaingia mahali. Nitaitafuta, mwanangu. Ahsante kwa kuijaribu vizuri, wengine wangesema tu haifai."

Nikachagua kiwanda kimoja cha Uchina. Walikuwa watu wa kazi, sina la kuwalaumu. Waliniandikia kuuliza kifaa kitatumika wapi na kama bodi zipakwe kinga ya unyevu na chumvi, maana kupaka kungeongeza siku kumi na mbili. Nicholas alikwisha kupanga tarehe ya uzinduzi. Nikajibu: hapana, si lazima. Bodi zikaja za kijani, laini, kila herufi imenyooka, na nilizipanga mezani nikazipiga picha.

Novemba tukazitundika Marereni. Kulikuwa na vijisanduku arobaini na moja. Cha arobaini na moja kilikuwa na ile bodi ya kahawia ya Baba Kanze, niliyoitia humo siku nilipokuwa napima kama sanduku litatosha. Nikampa Kadzo nikamwambia, "Hiki kibovu, kitupe." Akina mama walipiga vigelegele. Nicholas alitoa hotuba. Nilivaa gauni jipya.

Januari, katikati ya jua kali la kuvunia, Kadzo akanipigia.

"Mumbua, vidude vyako vimelala."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Vipimo ishirini na sita vilikuwa vimekufa na vingine vilikuwa vinapepesa. Nilifungua kimoja palepale juu ya tuta. Ile bodi yangu nzuri ilikuwa imeota ukungu wa kijani na mweupe, vijia vya shaba vimeliwa mpaka vingine havionekani. Nikafungua cha pili, cha tatu. Yote ni yale yale. Upande wa pili wa tuta kulikuwa na rundo la chumvi lililotengwa peke yake. Taa zilibaki za kijani mpaka zikazima, akina mama wakasubiri kama nilivyowafundisha, na mabwawa mawili yakapita kiasi. Kazi ya wiki sita ya wanawake kumi na wanane ilikuwa imelala pale, chungu.

Kadzo hakunigombeza. Ni mwanamke mfupi, miguu imepasuka kwa chumvi, na sauti yake haipandi. "Mimi niliwaambia wenzangu waache kuonja," akasema. "Niliwaambia tuamini taa."

Ndipo nikaona, bwawa la mwisho kabisa, taa inawaka. Nyekundu, imetulia, na maji machungu yanatolewa.

"Ile mbona haijafa?"

"Ile? Ndiyo uliyoniambia nitupe. Mimi situpi kitu kabla sijakijaribu. Nimeitundika tangu siku ile ya hotuba, na bwawa lile hatujalikosea hata mara moja." Akanitazama. "Nani kaitengeneza?"

"Fundi mmoja wa Mtwapa."

"Basi kwa nini hukumpa zote?"

Swali lilikuwa jepesi, la mtu anayetaka kujua. Nikamwambia nitamjibu Alhamisi, kwenye mkutano wa kikundi, na nikaondoka nikiwa sijamtazama machoni.

Jioni Nicholas akapiga simu. Atakuja Alhamisi. Alikuwa na huruma mpaka inauma. "Usijilaumu," akasema. "Tutakidai kiwanda. Wewe andika tu kwamba uliwaeleza ni sehemu ya chumvi, nami nitasukuma mbele." Barua ya kiwanda ilikuwa wazi mbele yangu mezani, na chini yake jibu langu: hapana, si lazima. Ingekuwa rahisi sana. Uongo wa kwanza ulikuwa umekwisha kunionyesha njia, na sikuwa na hakika hata kidogo kwamba sitaifuata tena.

Asubuhi nikaenda Mtwapa. Nilijiambia nakwenda kumweleza Baba Kanze kabla hajasikia kwa watu, lakini ukweli ni kwamba nilitaka nikaone kama ameshasahau. Kama amesahau, labda pasingekuwa na haja ya kusema.

Mama Kanze ndiye aliyenipokea uani, anaosha sufuria mpya. Ile ya mkono mmoja ilikuwa kando, imetoboka chini.

"Hiyo imekufa," akasema. "Na hii nayo ataiua. Mwambie apumzike, Mumbua, wewe anakusikiliza. Tangu ile barua yenu hapokei kazi ya mtu. Chuo cha Kilifi walimtaka akafundishe vijana mara mbili kwa wiki, walikuja mpaka hapa na gari. Amekataa."

"Amekataa kwa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Baba Kanze alikuwa ndani, miwani imefungwa uzi, daftari mbele yake. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya: aliinamisha macho.

"Sijaipata bado, mwanangu," akasema. "Nimeaibika kukuona kabla sijaipata."

Alinigeuzia daftari. Alikuwa amechora mistari kwa rula: namba ya bodi, siku iliyoingia, maji, vanishi, siku iliyotoka. Bodi arobaini na tatu. Nyingine alizilaza nje alfajiri zipigwe na umande, nyingine alizifunika na mwani, moja aliizika mchangani kule ufukweni kwa siku tisa. Kila mstari, isipokuwa wa kwanza, ulikuwa na neno hilo hilo, limeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: IMEPITA. Na safu ya mwisho, yenye kichwa "Sababu ya kufeli", ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini, kurasa nne.

"Yako ilikufa siku ya tatu asubuhi, na zangu hazifi. Kuna kitu sikioni. Wale wa chuo nimewaambia, siwezi kuwafundisha watoto wa watu kitu kinachokufa siku ya tatu na mimi sijui kwa nini."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kilifi. Yote yakanipotea.

"Haikufa," nikasema. "Baba Kanze, haikufa. Sikuijaribu. Iko Marereni tangu Novemba na inawaka mpaka leo. Niliandika uongo."

Nje Mama Kanze aliacha kusugua sufuria.

Alivua miwani. "Hukuijaribu."

"Sikuifungua hata gazeti. Niliona aibu. Yule mgeni aliniuliza wewe ni nani nikamwambia..."

"Ukamwambia mimi ni jirani, fundi wa redio, umeniandika kutimiza watano." Alisema kwa Kiingereza, neno kwa neno, Kiingereza safi cha taarifa ya habari. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Miaka arobaini natengeneza redio, Mumbua. Ulidhani nazijaribu kwa kusikiliza nini?"

Nililia. Sikulia kwa kutafuta huruma, maana hata mimi sikujihurumia. Nililia kwa sababu alikuwa amesikia, na bado siku ile alinikaribisha muhogo.

"Hilo la jirani sikulijali sana," akasema taratibu. "Mtoto akisoma huona haya kwao. Kanze pia alinionea haya mwaka mzima, akaacha. Nilisema nawe utaacha. Lakini kipimo..." Aligusa daftari kwa kidole. "Nilijua unanikana mimi. Sikudhani utadanganya kwenye kipimo. Nilikufundisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo uliposema imekufa, nikaamini imekufa."

Hakupandisha sauti. Ningelipa chochote apandishe.

Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akalifungua daftari ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, pale palipoandikwa "Sampuli ya Mumbua", akalisukuma kwangu. Kidole chake kilikuwa kwenye safu iliyo tupu.

"Jaza."

Niliandika: "Haikufeli. Mumbua Kavata alisema uongo kwa sababu alimwonea haya aliyeitengeneza."

Baba Kanze alivaa miwani akasoma, midomo ikifuata kila neno. Alisoma mara mbili, kama anavyokagua kazi yoyote.

"Tia tarehe."

Nikaanza kuandika ya siku hiyo. Akanishika mkono.

"Si ya leo. Ile uliyoandika uongo."

Niliikumbuka bila kutafuta, nikaiandika. Akalifunga daftari, akalifunga na mfuko wa plastiki dhidi ya unyevu, akaniwekea mapajani.

"Alhamisi ukifika Marereni, wasomee akina mama wale, na yule mgeni awepo. Usome kwa Kiswahili," akasema. "Kisha unirudishie daftari langu. Wale wa chuo nitawapigia, wataniuliza nimepata sababu, na nitataka kuwaonyesha."

Akatoka uani. Nikamsikia akimwambia mkewe amwage yale maji ya bahari, sufuria hiyo mpya ni ya chakula.